Uliza Ujibiwe: Bili ya hospitali huhesabiwaje kuwa mzigo kwa kaya?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaoshinda na takwimu za matumizi ya kaya: wanafunzi, waandishi, maofisa mipango, wahudumu wa afya. Wengi wanauliza jambo lilelile kwa njia tofauti: kaya ikishalipia matibabu, tutajuaje kwamba malipo yale yameiumiza? Barua ndefu tumezifupisha. Kaya zote za mifano ni za kubuni, ili hesabu ionekane.

Hamjambo wahariri. Ripoti ya dunia ya 2023, ya Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia, ilisema asilimia 13.5 ya watu walilemewa na gharama za matibabu mwaka 2019, na kwamba hali inazidi kuwa mbaya tangu 2000. Ripoti ya 2025 inasema asilimia 26 mwaka 2022, kisha inadai hali imekuwa nafuu tangu 2000. Sasa niandike nini? — Mwandishi wa habari, Nairobi

Andika kwamba kipimo kimebadilishwa, na namba hizo mbili usiziweke kwenye mchoro mmoja.

Hadi 2025, kiashiria 3.8.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu kilikuwa chepesi. Unachukua fedha ambazo kaya imelipa mfukoni kwa ajili ya matibabu, unazigawanya kwa matumizi yote ya kaya (au kipato chake), na jibu likizidi asilimia 10, kila mtu wa kaya ile anahesabiwa. Kulikuwa pia na kizingiti kikali zaidi cha asilimia 25. Kwa kipimo cha asilimia 10, dunia ilipanda kutoka 9.6 mwaka 2000 hadi 13.5 mwaka 2019. Ripoti hiyohiyo ilitaja watu bilioni 2, lakini hao ni waliovuka asilimia 10 wakijumlishwa na waliosukumwa kwenye umaskini au kuzamishwa zaidi. Usiichanganye bilioni 2 na asilimia 13.5, maana asilimia 13.5 ilikuwa kama watu bilioni moja tu.

Mwaka 2025 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliridhia fasili mpya. Sasa kaya inatolewa kwanza kiasi cha kuishi, na kinachobaki ndicho kinachopimiwa: malipo ya matibabu yakizidi asilimia 40 ya baki hilo, kaya imo. Kaya isiyo na baki, yaani ambayo tayari iko chini ya mstari wa umaskini, inahesabiwa ikilipa chochote kile. Kwa fasili hii dunia ilishuka kutoka asilimia 34 mwaka 2000 hadi 26 mwaka 2022, watu wapatao bilioni 2.1.

Mbona mishale miwili inaelekea pande tofauti? Kipimo cha zamani hakijali kama umaskini umepungua. Watu wakipata fedha kidogo, wanaanza kwenda kliniki za binafsi na kununua dawa zaidi, na wengi wanavuka asilimia 10. Kipimo kipya kimebeba umaskini ndani yake. Barani Asia hasa, mamilioni ya kaya zimevuka mstari wa umaskini tangu 2000, na zikishavuka, dawa ya shilingi mia tano haiziingizi tena kwenye hesabu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya unafuu unaosomwa kwenye kipimo kipya haikutokea hospitalini. Imetokea kwenye vipato. Wizara ya afya isipongezwe kwa kazi ya mvua na mahindi.

Naandika tasnifu ya shahada ya pili. Kila makala ninayosoma ina fomula yake. Naombeni mnipigie hesabu ya kaya moja kwa njia zote ili nione tofauti. — Mwanafunzi, Dodoma

Tuchukue kaya ya watu 5. Kwa mwezi inatumia shilingi 400,000, ikiwemo thamani ya mahindi ya shambani kwake. Chakula ni 240,000. Matibabu yaliyolipiwa mfukoni ni 38,000.

Njia ya kwanza, mgawo wa bajeti: 38,000 kwa 400,000 ni asilimia 9.5. Haijafika 10. Kaya haimo.

Njia ya pili, mgawo wa matumizi yasiyo ya chakula: toa chakula chote, zinabaki 160,000. 38,000 ni asilimia 23.75 ya hizo. Kizingiti kinachotumika hapa ni 40. Haimo. Ubaya wa njia hii ni kwamba inatoa chakula chote, hata nyama choma na soda za tajiri, kama vile vyote ni vya lazima.

Njia ya tatu ni ya Shirika la Afya Duniani iliyosambaa tangu 2003, ya uwezo wa kulipa. Hapa hutoi chakula halisi cha kaya, unatoa chakula cha kujikimu. Panga kaya zote za utafiti kwa sehemu ya bajeti inayokwenda kwenye chakula, chukua zilizo kati ya asilimia ya 45 na ya 55, upate wastani wa chakula chao kwa mtu mmoja aliyesawazishwa. Kusawazisha maana yake ni kuinua idadi ya watu kwenye kipeo cha 0.56, kaya ya watu 5 inakuwa 2.46. Tuseme chakula cha kujikimu kimetoka 80,000. Mara 2.46 ni kama 197,000. Uwezo wa kulipa ni 203,000, na 38,000 ni asilimia 18.7 yake. Haimo. Angalia: ikiwa chakula halisi cha kaya ni kidogo kuliko cha kujikimu, fomula inarudi kutoa chakula halisi. Wanafunzi wengi husahau sharti hili, na kaya maskini kabisa zinapata uwezo hasi.

Njia ya nne ni fasili mpya ya 2025. Kiasi cha kuishi kinatoka kwenye mstari wa umaskini wa kijamii wa Benki ya Dunia. Kwa bei za 2017, ni kikubwa kati ya viwili: dola 2.15 kwa mtu kwa siku, au dola 1.15 ukijumlisha nusu ya matumizi ya mtu wa katikati nchini. Tuseme kwa shilingi imetoka 2,100 kwa mtu kwa siku. Watu 5 kwa siku 30 ni 315,000. Baki ni 85,000, na asilimia 40 yake ni 34,000. Kaya imelipa 38,000. Imo.

Kaya ni ileile na risiti ni zilezile, njia tatu zimeipita na ya nne imeikamata. Sasa weka pembeni kaya nyingine ya watu 5 inayotumia milioni 3 kwa mwezi na matibabu 330,000. Mgawo wa bajeti unasema asilimia 11, imo. Njia ya nne inasema 330,000 kwa baki la 2,685,000, asilimia 12.3, haimo hata kidogo. Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wote: mgawo wa bajeti unamhesabu mwenye gari aliyekwenda kwa daktari wa meno, unamwacha mkulima aliyebakiwa na 47,000 za sabuni, nauli, ada na kodi.

Tahadhari moja ya kubadili dola kuwa shilingi. Dola hizi ni za ulinganifu wa uwezo wa kununua (zinapimwa kwa vitu zinavyonunua katika kila nchi), si za benki. Mwaka 2017 dola ya benki ilikuwa zaidi ya shilingi 2,200, ya ulinganifu ilikuwa chini ya nusu ya hapo. Ukitumia ya benki, mstari wako unaruka zaidi ya mara mbili na karibu nchi nzima inaingia. Tumia kigezo cha ulinganifu cha matumizi ya kaya cha 2017, kisha pandisha kwa fahirisi ya bei hadi mwaka wa utafiti wako.

Kwa tasnifu, ushauri wetu ni kuripoti njia ya kwanza na ya nne, na ya nne uigawe safu mbili: waliokuwa chini ya mstari tayari na wakalipa chochote, na waliokuwa juu ya mstari wakavuka asilimia 40. Ukiziunganisha bila kuzionyesha, msomaji hawezi kujua kama tatizo ni bei ya hospitali au ni umaskini wenyewe.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Tumeajiriwa kwa muda kuwa wadadisi, na watu wanatutajia mambo mengi: nauli, glavu, mganga wa kienyeji, "chai" ya muuguzi, mchango wa bima. Kipi kinaingia? — Masasi

Kinachoingia ni malipo ya mfukoni wakati wa kupata huduma au bidhaa ya afya, kwa mtoa huduma yeyote, awe na leseni au asiwe nayo. Kwa hiyo kadi ya kumuona daktari, vipimo, dawa za hospitali, dawa za duka la dawa muhimu, miwani, glavu na nyuzi alizoagizwa mama mjamzito, mganga wa tiba asili (hata akilipwa jogoo, andika bei ya jogoo), na hiyo "chai". Usiiandike kama chai. Iandike kama malipo ya huduma, na usimhukumu anayejibu, atanyamaza.

Nauli haiingii. Bodaboda iliyompeleka mgonjwa usiku inakwenda kwenye usafiri, ingawa gari la wagonjwa la kulipia linakwenda kwenye afya. Chakula alichonunuliwa mgonjwa nje ya geti hakiingii. Siku za kazi alizopoteza anayemuuguza haziingii, wala gharama za msiba.

Mchango wa bima nao hauingii kwenye malipo ya mfukoni. Kaya inayolipa mchango wa mwaka wa CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii wa Tanzania), au Mkenya anayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA (mamlaka ya bima ya afya ya Kenya), fedha hiyo haiwekwi kwenye fungu la afya. Ile anayoongeza dirishani baada ya bima kulipa sehemu yake inaingia. Na akirudishiwa fedha na bima au na mwajiri, toa alichorudishiwa. Hapa ndipo hojaji nyingi huvuja: zinauliza ulilipa kiasi gani, haziulizi ulirudishiwa kiasi gani.

Mkulima aliye kilomita 40 kutoka hospitali atakuambia nauli ndiyo iliyomtoa jasho, na atakuwa sahihi. Iulize nauli, iandike safu yake. Kwenye kiashiria cha kimataifa haitaonekana, lakini halmashauri yako inaihitaji.

Nachambua data za utafiti wa kaya. Kuna kaya 11 ambazo malipo ya afya yanazidi matumizi yote ya kaya. Moja ina asilimia 162. Nizifute? — Mchambuzi wa data, Mwanza

Usizifute kabla hujajua zimetoka wapi. Asilimia 162 karibu daima inatokana na moja ya makosa mawili, na mara nyingi yote mawili pamoja.

La kwanza: cha juu (kinachogawanywa) na cha chini (kinachogawanya) vimetoka kwenye kurasa tofauti za hojaji. Malipo ya afya umeyachukua kwenye moduli ya afya, yenye maswali ya kina kwa kila mgonjwa. Matumizi yote umeyachukua kwenye moduli ya matumizi, yenye mstari mmoja wa "dawa na matibabu" ambao mkuu wa kaya alijibu kwa kukisia. Dawa yake: ukichukua malipo ya afya kutoka moduli moja, ondoa afya iliyomo kwenye jumla na uweke hiyohiyo ya kwako. Cha juu lazima kiwemo ndani ya cha chini. Ukishafanya hivyo hakuna kaya itakayozidi asilimia 100, ingawa kosa la pili bado linaweza kuwa limelala humo.

La pili ni kuzidisha. Hojaji nyingi zinauliza wagonjwa wa nje kwa wiki 4 zilizopita na kulazwa kwa miezi 12. Ili kupata mwaka, ya wiki 4 unazidisha kwa 13 (si 12, wiki 52 gawanya kwa 4), ya kulazwa huzidishi. Sasa mtu alifanyiwa upasuaji wiki mbili zilizopita kwa 600,000, na mdadisi akaiandika kwenye mstari wa wiki 4. Kompyuta inazidisha kwa 13: shilingi milioni 7.8. Kaya inatumia milioni 4.8 kwa mwaka. Umeipata asilimia 162 yako. Tazama kwanza kama kaya zile 11 zimeandika kulazwa bila fedha yoyote kwenye mstari wa miezi 12. Ikiwa ndivyo, fedha ilikaa ukurasa usio wake.

Hata bila kosa la mdadisi, kuzidisha kwenyewe kuna mtego ambao haufutiki. Fikiria kaya 13, kila moja inatumia milioni 4 kwa mwaka, na kila moja inaugua mara moja kwa mwaka kwa gharama ya 260,000, kila moja kwenye kipindi chake. Kwa mwaka mzima kila kaya imelipa asilimia 6.5. Hakuna hata moja iliyovuka 10. Wewe umefika na hojaji ya wiki 4. Kaya moja tu ndiyo iliyougua ndani ya wiki hizo, 12 zinajibu sifuri. Unazidisha 260,000 kwa 13, unapata 3,380,000 kwa kaya moja. Wastani wa kaya zote 13 ni 260,000, sahihi kabisa! Lakini ile moja, hata ukiweka 3,380,000 hiyo ndani ya jumla yake kama tulivyoshauri juu, sasa inaonekana kulipa kama asilimia 47 ya bajeti yake, na ripoti yako inasema asilimia 7.7 ya kaya zimelemewa, wakati jibu la kweli ni sifuri.

Wastani unanusurika, ncha, yaani kaya chache zenye malipo makubwa kupita nyingine, haiponi. Na kiashiria chetu ni cha ncha. Kwa hiyo nchi mbili zenye vipindi tofauti vya kukumbuka hazilinganishwi kwa kuweka asilimia kando kwa kando. Kipindi kirefu nacho kina dawa zake chungu: mtu akiulizwa miezi 12 anakumbuka upasuaji, anasahau vidonge vya Machi.

Idadi ya maswali pia inasukuma jibu. Utafiti wa Afya Duniani wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliuliza kwa namna mbili, swali moja la jumla na maswali kadhaa ya vipengele (kulazwa, wagonjwa wa nje, dawa, waganga wa jadi na kadhalika). Katika nchi nyingi jumla ya vipengele ilizidi jibu la swali moja. Upande wa matumizi ya jumla, jaribio la Tanzania la 2007–2008 liligawa kaya takriban 4,000 kwa hojaji nane tofauti, kaya zikiwa za vijiji vilevile, na kiwango cha umaskini kilipishana kwa zaidi ya pointi kumi kati ya hojaji na hojaji. Mstari wa umaskini haukubadilika. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza.

Nafanya kazi zahanati. Kwenye takwimu za kaunti yetu kaya maskini zinaonekana hazilemewi kabisa, wanaolemewa ni wa mjini. Sisi tunaowaona hatukubali. — Muuguzi, Kwale

Una haki ya kukataa, dada. Kipimo kinasoma fedha iliyotoka. Fedha isiyotoka kinaisoma kama salama.

Sifuri ziko za aina tatu. Kuna sifuri ya kaya ambayo hakuna aliyeugua. Kuna sifuri ya aliyeugua akahudumiwa bure: Tanzania sera ya 2007 inasamehe wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na Kenya uzazi katika vituo vya umma ulifanywa kuwa bila malipo Juni 2013. Hii ndiyo sifuri njema, ndiyo tunayoitafuta. Na kuna sifuri ya aliyeugua akalala ndani kwa sababu hana fedha. Kwenye jedwali zote tatu ni 0.

Kuzitenganisha hakuhitaji utafiti mpya, moduli za afya nyingi zina maswali tayari. Anza na kila mtu aliyejibu kwamba aliugua au kuumia ndani ya wiki 4. Angalia kama alitafuta huduma. Ambaye hakutafuta, nenda kwenye swali la sababu, na chukua waliosema gharama au umbali. Waliosema "ugonjwa haukuwa mkubwa" waweke kando lakini usiwatupe. Kisha rudisha hali hiyo kwenye ngazi ya kaya, na utakuwa na makundi manne: kaya bila mgonjwa, kaya zilizohudumiwa bure, kaya zilizolipa, na kaya zenye mtu aliyekosa huduma kwa sababu ya fedha au umbali. Yagawe kwa tabaka tano za matumizi. Tabaka la chini ndilo litakalokuonyesha kundi la nne likiwa nene.

Kuna jambo moja la kuangalia kwenye "hakuugua". Mtu aliyezoea maumivu ya mgongo miaka kumi anaweza kusema hakuugua mwezi huu, na wenye uwezo huripoti ugonjwa zaidi kuliko maskini. Kwa hiyo hata kundi la nne ulilolipata ni dogo kuliko lilivyo. Ukiandika ripoti, liandike kama kiwango cha chini.

Fasili mpya ya 2025 inapunguza tatizo hili kidogo, kwa vile maskini aliyelipa chochote anahesabiwa. Aliyelipa sifuri bado anapita bila kuonekana.

Mjomba wangu aliuza ng'ombe wawili kumtibu mkewe. Kwa hesabu zenu hizi, umaskini wake unaonekana wapi? — Msomaji, Shinyanga

Pole sana kwa kuuguliwa. Jibu la kweli ni kwamba kwa njia za kawaida hauonekani vizuri.

Hesabu ya "kusukumwa kwenye umaskini" inakwenda hivi: chukua matumizi yote ya kaya, tazama kama yako juu ya mstari. Kisha toa malipo ya matibabu, tazama tena. Iliyokuwa juu na sasa iko chini, imesukumwa. Iliyokuwa chini tangu mwanzo na ikalipa, imezamishwa zaidi. Utafiti uliochapishwa 2006 ulifanya hivi kwa nchi 11 za Asia kwa mstari wa dola moja kwa siku, ukapata nyongeza ya asilimia 2.7 ya watu, milioni 78, ambao takwimu rasmi za umaskini zilikuwa hazijawaona.

Dhana iliyojificha humo ni kwamba fedha ya matibabu ilitoka kwenye matumizi ya mwezi, na bila ugonjwa ingekwenda kwenye chakula na nguo. Ng'ombe wa mjomba wako hawakuwa matumizi ya mwezi. Walipouzwa, matumizi ya kaya yaliruka juu mwaka ule. Ukitoa bili ya hospitali, unarudi palepale walipokuwa wakiishi. Hesabu inasema hakuna kilichopungua. Kilichopungua ni maziwa, mbolea, mahari na ng'ombe wa kulimia msimu ujao, na hivyo vinaingia kwenye matumizi ya miaka inayofuata, ambayo utafiti wa mara moja hauyafikii.

Kinachosaidia ni swali moja la ziada kwa kaya iliyolipa: fedha ilitoka wapi? Kipato, akiba, kuuza mali, mkopo wenye riba, msaada wa ndugu. Takwimu za nchi 15 za Afrika zilizochapishwa 2008 zilionyesha kwamba kaya zilizolipia matibabu kwa kukopa au kuuza mali zilikuwa kutoka asilimia 23 Zambia hadi asilimia 68 Burkina Faso. Mambo kama hayo hayamo kwenye kiashiria 3.8.2 cha zamani wala kipya. Tunadhani swali hilo lingestahili kuwa la lazima kwenye kila hojaji ya afya. Linachukua nusu dakika.

Kenya na Tanzania, nani ana hali mbaya zaidi? — Msomaji, Tanga

Kabla ya kujibu, mwulize aliyekupa namba za Kenya amezitoa wapi. Kenya peke yake ina utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa Shirika la Takwimu (2005/06, 2015/16), na pia ina utafiti wa wizara ya afya wa Gharama na Matumizi ya Huduma za Afya (2003, 2007, 2013, 2018). Wa kwanza una orodha ndefu ya matumizi, wa pili una maswali mengi ya afya na machache ya matumizi mengine. Orodha fupi hupunguza jumla, jumla ndogo huinua asilimia. Kenya yenyewe inaweza kupata majibu mawili kabla hujavuka mpaka wa Horohoro. Linganisha utafiti wa matumizi na utafiti wa matumizi, miaka iliyo karibu, vipindi vya kukumbuka vinavyofanana, kodi ya nyumba ya wanaoishi kwao ikiwa imekadiriwa pande zote au imeachwa pande zote. Ukishindwa hayo, linganisha mwelekeo wa kila nchi kwa utafiti wake yenyewe.

Halmashauri yetu inataka asilimia yake. Tuna kaya 300. Zinatosha? — Ofisa mipango, Kigoma

Kwa kizingiti cha 10, kwa shida. Tuseme jibu ni asilimia 13. Kama kaya zilichaguliwa moja moja bila mafungu, kosa ni pointi 3.8 juu na chini. Ila mlichagua vijiji kwanza kisha kaya ndani ya vijiji, na kaya za kijiji kimoja hufanana. Kufanana huko kukiikuza variansi (mraba wa kosa) mara mbili, kosa linakuwa kama pointi 5.4. Ripoti yenu itasema kati ya 8 na 18. Kwa kizingiti cha 25, ikiwa asilimia 3 ndio wamevuka, mnazungumzia kaya 9, na kuzigawa kwa kata ni kupoteza karatasi.

Kiashiria ni cha watu, si cha kaya. Zidisheni uzito wa kila kaya (idadi ya kaya inazowakilisha) kwa idadi ya watu wake kabla ya kupata asilimia. Mkisahau, kaya ya mzee anayeishi peke yake na kaya ya watu 9 zitakuwa na sauti moja. Halafu iambieni programu ya takwimu vijiji vilivyochaguliwa ni vipi, vinginevyo itawapa kosa dogo la uongo. Kama fedha ya kuongeza inatosha jambo moja tu, ongezeni vijiji, si kaya ndani ya vijiji mlivyo navyo.